Saa za Kazi za Gashe Demisew

Nimeuza kahawa kwa miaka kumi na tisa ubavuni mwa kibanda cha Gashe Demisew, kwenye ukuta wa mahakama hapa Dessie, na katika miaka hiyo sikumbuki siku iliyokwisha bila sisi wawili kugombana. Tuligombania moshi wa jiko langu uliomwingilia kibandani, wateja wake walioweka matako kwenye vigoda vyangu bila kununua hata kikombe kimoja, na sauti yangu, ambayo yeye alisema ingefaa kutangaza minada ya ng'ombe. Mimi naitwa Toyba; yeye namwita Gashe, kama tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani namsifu kwa sababu tulikuwa tunapikiana mchuzi.

Kazi yake ni kuandikia watu maombi ya mahakama. Zamani alifundisha kupiga chapa kwenye shule ya biashara. Shule ilipotupa mashine zake za chuma, alibeba moja kichwani, akaja nayo hapa ukutani, akaweka meza na mwavuli. Baadaye akapata kibanda cha mabati na kompyuta. Mjane aliyenyang'anywa shamba, mke aliyefukuzwa, dereva aliyenyimwa leseni, wote walipitia kwake kabla ya kumfikia hakimu. Walikuja na kilio, wakaondoka na karatasi iliyonyooka.

Hakuwa mtu wa kukupa pole. Mama wa watu anakuja ushungi umelowa machozi, anaanza kusimulia jinsi mume alivyomtupia vyombo nje, na Gashe Demisew anamwinulia mkono. "Mama, kwanza tarehe. Vyombo tutavifikia." Nilimwambia mara ngapi kwamba ana moyo wa jiwe la kusagia! Alinijibu kwamba hakimu hali machozi, anakula hoja, tena zikiwa zimepangwa kwa namba. Kwanza hili, pili lile, tatu lile, na ombi lenyewe chini kabisa, mwisho wa ukurasa. Ukianza na ombi, alisema, hakimu anajua unataka nini kabla ya kujua unastahili nini.

Kompyuta hiyo aliitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Aliifunika kwa kitambaa alichoshona marehemu mkewe, na hakuruhusu kikombe changu kivuke ukingo wa meza. Pale pembeni chini ya kioo kuna saa, lakini ile saa inahesabu kizungu, kuanzia usiku wa manane. Asubuhi saa mbili, sisi tumefungua vibanda, yenyewe inasema ni nane. Wateja walikuwa wakiitupia jicho wanaruka juu: "Yesu! Saa nane! Kesi yangu imeshasomwa!" Akachoka kuwatuliza. Siku moja akakata kipande cha plasta ya kidonda, akabandika juu ya ile saa, basi ikaisha.

Sasa niseme habari ya Hareg, maana bila yeye haya mengine ni porojo.

Yeshihareg alikuwa mtoto wake wa pekee. Sisi tulimwita Hareg. Alikuwa msichana mwenye kicheko cha kuudhi, kile kinachoanza kabla utani haujaisha, na alipokuwa mdogo alishinda kwenye kibanda akichora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Alipofika miaka ishirini na mbili akaondoka kwenda Beirut kufanya kazi za nyumbani. Hakuaga. Dalali alimwambia asimwambie mtu, na yeye alijua baba yake angemkatalia kwa hoja saba zenye namba. Mwaka uliofuata mama yake akaugua, akawa anamwita usiku na mchana, na mwisho akafa. Hareg hakuja kuzika.

Nilikuwepo kwenye hema la matanga siku alipopiga simu. Watu walikuwa wamejaa, wazee wa chama cha kuzikana wamekaa mstari wa mbele. Gashe Demisew akaishika simu, akasikiliza kidogo, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama huna tena, na baba huna." Akakata. Mtoto akapiga tena, baba akakata. Kwa miezi kadhaa yule mtoto alikuwa anapiga kila Jumapili, na kila Jumapili baba anatazama namba, anakata, anarudi kwenye kahawa yake. Kisha simu zikakoma. Ikapita miaka minne.

Niliyajua yote hayo na nikanyamaza, mimi mwenye sauti ya minada. Hilo nalo liandikwe.

Mwezi wa Septemba, mvua kubwa zikiwa zinaisha, ukaja ujumbe. Haukuja kwa simu, maana wakati ule intaneti ya simu ilikuwa imefungwa mkoa mzima kwa sababu ya vurugu, ikabaki ile ya waya tu. Gashe Demisew alikuwa amevutiwa waya kibandani juma lile lile, kwa kuwa mahakama ilianza kutaka nakala za maombi kwa barua pepe. Aliyeandika ni Medina, msichana wa Kombolcha aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Hareg. Alisema Hareg ana ugonjwa wa moyo, mlango mmoja wa moyo umeoza, na Jumatano ijayo wanampasua. Alasiri saa tisa wanamwingiza. Saa nane mchana Medina ataipiga kompyuta ya baba, waonane usoni, kama baba anataka. Hayo maneno, kama baba anataka, Gashe Demisew aliyasoma mara mbili kwa sauti.

Akaja akakaa kwenye kigoda changu. Hajawahi kukaa kwenye kigoda changu.

"Toyba," akasema, "nitamwomba msamaha."

Nilimwaga kahawa nje ya kikombe. "Alhamdulillahi! Kumbe yumo mtu ndani yako?"

"Usinicheke."

"Sikucheki, Gashe. Nalia, huoni? Moshi huu."

Tangu saa ile alikuwa na shughuli moja tu. Ila ile kompyuta, iliyokuwa imekaa miaka bila kuonja intaneti, ilipopata waya ilianza kula kama mtu anayefungua saumu. Ilivuta yale yanayoitwa masasisho usiku na mchana, na kila ikishiba inataka kujizima na kujiwasha ili iyameze. Jumatatu asubuhi ilijizima Gashe Demisew akiwa katikati ya ombi la kondakta mmoja. Kurasa mbili zikapotea. Kondakta akaondoka akitukana ukoo mzima wa waliotengeneza kompyuta.

Gashe Demisew alibaki ameketi, uso umemshuka. "Ikifanya hivi Jumatano?" akasema.

"Si uyazime tu hayo masasisho?" nikamwambia. "Mwanangu Seid kayazima yote kwenye ya kwake."

"Na ndiyo maana ya Seid ina virusi mpaka kwenye kibodi. Mashine isiyosasishwa ni mtu asiyeoga. Haizimwi. Inapangiwa adabu."

Akavaa miwani, akaingia kwenye mipangilio, akasoma kila mstari kwa kidole, kwa kile Kiingereza chake cha shule ya biashara. Nilisimama nyuma yake na birika mkononi. Akapata alichokitafuta. Mashine ilikuwa inauliza saa zako za kazi ni zipi, kuanzia ngapi mpaka ngapi, ili isije ikajiwasha upya wakati unaitumia.

"Unaona?" akasema, na nilimsikia kafurahi. "Ina heshima. Inauliza kwanza."

"Basi ijibu, isije ikakasirika."

Akaijibu kama ambavyo mtu yeyote wa Dessie angejibu akiulizwa njiani. Anafungua saa mbili, anafunga saa kumi na mbili. Akaandika mbili, akaandika kumi na mbili, akabonyeza kuhifadhi. Jumanne jioni ikaleta tangazo kwamba masasisho yako tayari, na kwamba itajiwasha upya nje ya saa zake za kazi. Akanisomea. Akakubali. Akaizima kwa usiku ule, akaipangusa kioo kwa mkono wa koti.

"Haya," akasema, "sasa hata kama dunia itapasuka, kesho mpaka saa kumi na mbili haigusi kitu."

Jumatano hakupokea mteja hata mmoja. Alikuja amenyoa, kavaa shuka lake jeupe zito la pamba, lile la sikukuu, kalizungushia mabegani. Mkononi ana karatasi moja iliyochapwa. Nikamnyang'anya kabla hajaificha. Juu kabisa, katikati, kwa herufi kubwa, aliandika MAOMBI. Mwombaji: Demisew Wubetu. Mjibu maombi: Yeshihareg Demisew.

"Gashe, una wazimu? Umemwandikia mtoto ombi la mahakama?"

"Nitayasahau. Nikimwona nitasahau kila kitu. Hapa yamepangwa."

Nikatupia macho. Kwanza, kwamba mjibu maombi aliondoka nyumbani tarehe fulani bila kuaga. Pili, kwamba mama yake aliugua akawa anamwita. Tatu, kwamba hakuja kuzika. Sikufika mbali zaidi, damu ilishanichemka.

"Haya ni mashtaka haya! Mtoto anakwenda kupasuliwa kifua, wewe unamsomea mashtaka? Sema nisamehe mwanangu, basi, funga."

"Ombi liko chini."

"Lianze!"

"Ombi haliji juu, Toyba. Miaka arobaini nafanya kazi hii. Nikianza na ombi, yeye ataona namtupia neno tu kwa sababu anaumwa. Anatakiwa ajue kwamba najua yaliyotokea, yote, mpaka la kwangu. Ndipo niombe."

Ningeweza kuichana ile karatasi. Nilikuwa nayo mkononi. Nikamrudishia, nikamwambia akashibe namba zake, nikarudi kwenye jiko langu nikiwa nimenuna.

Saa nane ilipiga na kompyuta ikalia. Wote wawili tuliruka. Akabonyeza, na Hareg akatokea, kalala amevaa lile gauni la hospitali, nywele zimefunikwa kofia ya karatasi. Alikuwa kakonda mpaka meno yalimzidi uso. Mkono wa Medina ndio ulioshika simu, tuliona vidole vyake pembeni.

"Abaye," Hareg akasema. Baba yangu. Basi, hilo tu.

Gashe Demisew akasimama. Ilikuwa lazima asimame, yeye ndivyo alivyo, na kichwa chake kikatoka nje ya picha, ikabidi nimvute shuka akae. Kisha akaanza salamu, na salamu zetu mnazijua. Umeamkaje? Ni salama? Umelalaje? Afya yako ikoje? Ni salama? Mungu ashukuriwe. Hao ulio nao ni salama? Medina ni mzima? Watu wa Medina ni wazima? Mungu ashukuriwe. Na Hareg alikuwa anajibu kila moja, kwa pumzi fupi, Mungu ashukuriwe, Mungu ashukuriwe, na alikuwa anatabasamu. Wallahi alikuwa anatabasamu. Miaka minne hakuna mtu wa kwao aliyemuuliza kalalaje.

Akaniona, akaniita kwa jina la heshima, kama utotoni. "Etete Toyba! Bado unamchokoza baba?"

"Nani? Mimi? Yeye ndiye ananionea! Pona uje utuamue."

Akacheka, kile kicheko chake, kikageuka kikohozi. Medina akasema, "Taratibu, taratibu." Gashe Demisew akavaa miwani. Akaifungua karatasi.

"Binti yangu, nina neno la kukuambia. Nimeliandika."

"Sema, Abaye."

Akasoma. Alisoma kwa ile sauti yake ya mahakamani, kavu, isiyopanda wala kushuka, kwa sababu angelegeza kidogo tu angelia. Kwanza, kwamba uliondoka nyumbani bila kuaga. Nilimtazama Hareg. Tabasamu likawa bado lipo lakini macho yameshatoka ndani yake. Pili, kwamba mama yako aliugua miezi mitano, akawa anakuita kwa jina. Hareg akafumba macho. "Ndiyo, Abaye," akasema. Nilimfinya Gashe Demisew mgongoni, nikamfinya kweli, kwa kucha. Hakusikia. Tatu, kwamba siku ya kumzika hukuwepo, na watu wote waliliona hilo—

Kioo kikawa buluu.

Kikawa buluu chote, kitupu, na katikati kijiduara kinazunguka, na chini yake maneno. Alimalizia sentensi akiwa anaangalia ile buluu.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Inafanya kazi ya masasisho. Asilimia sita. Usizime kompyuta yako."

"Mrudishe!"

"Inasema nisizime."

"Gashe, mpigie! Namba iko wapi?"

Namba ilikuwa humo humo ndani. Ujumbe wa Medina ulikuwa humo humo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuunakili pembeni. Nilikimbia, na umri huu na miguu hii, nikapita mlango wa mahakama bila kukaguliwa, nikamkuta Belete, fundi wa kompyuta wa masjala, anakula. Nikamvuta kwa ukosi wa shati mpaka kibandani, tonge bado liko shavuni.

Ilikuwa asilimia kumi na tisa.

"Ukiizima sasa unaiua kabisa," Belete akasema. "Haitawaka tena leo. Ni kusubiri tu."

"Nusu saa wanamwingiza!" nikamwambia.

"Mama, nifanyeje?"

Gashe Demisew alikuwa amekaa wima na karatasi yake magotini. "Niliipangia," akamwambia Belete, polepole, kwa namna anavyowaeleza mahakimu. "Iliniuliza saa zangu za kazi. Nikaijibu. Saa mbili mpaka saa kumi na mbili. Sasa hivi ni saa nane. Ilikubali."

Belete akainama, akabandua ile plasta kwenye kona ya kioo, kama vile alitaka kuona saa. Chini yake palikuwa buluu tu kama kwingine. Akakaa nayo kidoleni.

"Uliandika mbili na kumi na mbili?"

"Ndiyo saa zangu."

"Ee, Gashe. Hii haihesabu kama sisi. Inaanza usiku wa manane. Mbili uliyoiandikia, kwake ni usiku watu wamelala. Kumi na mbili ni adhuhuri. Umeiambia unafunga kazi adhuhuri. Ikakungoja ufunge."

Nilitaka kumpiga teke yule mwanamume. Angeweza kusema sijui, angeweza kusema ni umeme. Ile saa Gashe Demisew aliifunika kwa mkono wake mwenyewe, akasahau kwamba chini ya plasta inaendelea kuhesabu kwa namna yake. Akawa anaitazama asilimia. Ishirini na nane. Ikakaa hapo muda mrefu sana, nikaanza kusoma dua zote nilizofundishwa na nyingine nikazitunga. Watu wa mahakamani wakaanza kujaa mlangoni wakiuliza kuna nini, nikawafukuza kwa ufagio.

Ni hapo nilipoisoma ile karatasi yote, kwa kuwa ilikuwa imegeukia kwangu na yeye hakuwa na nguvu ya kuificha. Nne, kwamba mwombaji alijua tangu wiki ya kwanza ya matanga kuwa mjibu maombi alinyang'anywa pasipoti na mwajiri wake na hakuwa na namna ya kuja, kwa kuwa mwombaji alitumiwa barua, akaisoma, akaichoma. Tano, kwamba mwombaji hakuwa na hasira bali aibu, na aliitupa aibu hiyo juu ya mtoto kwa kuwa mtoto alikuwa mbali. Sita, kwamba kila Jumapili aliposikia simu alitaka kupokea. Kwa hiyo mwombaji anaomba: asamehewe. Anaomba aitwe tena baba, kama mjibu maombi ataona inafaa. Na chini, sahihi yake, na muhuri wa kibanda.

Kompyuta iliwaka saa tisa kasoro dakika tano. Belete alipiga yeye, vidole vyake ni vyepesi. Medina akapokea. Alikuwa amesimama kwenye korido, peke yake.

"Wamemchukua," akasema. "Sasa hivi, hata mlango haujatulia."

"Mwanangu," Gashe Demisew akasema, "kimbia umwambie. Mwambie baba anaomba, mwambie…"

"Haruhusiwi mtu, Baba. Wamefunga."

"Basi akiamka," akasema. "Nitasoma akiamka. Nitaanzia ya nne."

Nikampa Medina namba yangu ya simu, ili yasitupate tena yale ya namba kukaa ndani ya mashine. Siku ile Gashe Demisew hakufunga kibanda. Alikaa humo mpaka Alhamisi, mpaka Ijumaa, mashine imewashwa, waya umechomekwa, yeye kajifunika shuka. Nilimpelekea mkate wa injera na mchuzi wa shiro, akamega kwa adabu, akaacha. Aliniambia ameshabadili zile saa na kuandika sawasawa. Nilimwambia amefanya vizuri. Mtu unasema nini?

Ijumaa alasiri simu yangu ikalia nikiwa nimeenda kuchota maji. Ni Medina. Hareg hakuamka. Moyo ulikataa kuanza tena wenyewe.

Nilikaa chini kwenye matope. Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza, kama alisema kitu baada ya picha kukatika. Medina akalia mpaka nikadhani simu imekufa. Kisha akasema: "Hareg alikitazama kioo cheusi. Nikamwambia ni mtandao, dada, atapiga sasa hivi. Tukangoja. Akasema, 'Hapana. Amenikatia tena.' Akageukia ukutani. Walipokuja kumchukua hakuniangalia hata mimi."

Kwetu msiba hauropokwi. Anayefiwa anafuatwa alfajiri, na wazee, kwa utaratibu, ili asianguke peke yake. Nikaenda kwa wazee wa chama chake cha kuzikana, nikawaambia. Jumamosi alfajiri wakaenda kibandani, watu saba, wamejitanda shuka. Mimi nilikuwa nyuma. Akawaona kwenye ukungu wanakuja bila kusemezana. Yeye mwenyewe ameshaenda hivyo kwenye milango ya watu mara nyingi sana. Akainuka, akaizima kompyuta, akaifunika kile kitambaa, ndipo akapiga yowe.

Hareg alizikwa kule. Hema lilisimamishwa hapa bila maiti. Niligawa kahawa siku zote saba, na kila alipopita mtu kumpa pole, Gashe Demisew alikuwa anaitikia kwa utulivu na kunitafuta kwa macho. Nilijua ananitafutia nini. Nikawa najificha kwenye moshi.

Amerudi kazini. Wanawake wanakuja wanalia, naye anauliza, "Mama, unaomba nini?" na anaandika hilo kwanza, juu ya ukurasa. Masjala imemrudishia maombi kadhaa kwamba hayakufuata mpango. Anayapanga upya, na mteja wa kesho anamfanyia vile vile.

Juzi, mvua ilipotufungia wote wawili kibandani, hakukuwa na moshi wa kujificha.

"Toyba. Yule Medina alikupigia."

"Alinipigia."

"Alisema nini? Mwanangu, alisema nini, nilipokatika?"

Nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu. Nikamtazama machoni kabisa. "Alisema, 'Maskini Abaye, mtandao umemkatikia.' Akacheka. Akasema, 'Najua alichotaka kuniambia.' Akaingia na furaha zake."

Mvua ikapiga bati. Amekaa miaka arobaini akisikiliza mashahidi, anajua mtu anavyokaza shingo akisema uongo. Alinitazama mpaka nikahisi jasho mgongoni na baridi yote ile.

"Wewe ni shahidi mbaya sana," akasema.

"Gashe…"

"Mbaya sana." Akavua miwani, akaiweka mezani, akafumba macho. "Rudia."

Nikarudia.